Chombo cha Jirani Hakirudi Kitupu



Kamati iliponitaka niseme machache katika maadhimisho haya juu ya sikukuu zetu na sikukuu za wenzetu, jibu langu la kwanza lilikuwa kukataa. Mimi si mwanachuoni. Nilisoma hapahapa Tanga mpaka kidato cha nne, kisha marehemu baba akanikabidhi mkasi na kipimo cha wari, nikasimama nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa, na hapo ndipo nilipo hadi leo nikiwa na mvi. Mwenyekiti alinijibu kwamba mtu aliyeuza nguo za sikukuu kwa zaidi ya miaka 40 hawezi kudai kuwa hana la kusema. Basi nitasema niliyoyaona nikiwa nyuma ya kaunta, na baadaye, kwa idhini yenu, nitasema jambo moja ambalo sikuliona kwa muda mrefu ingawa lilikuwa mbele ya macho yangu.

Katika duka la nguo, mwaka haugawanyiki kwa miezi. Hugawanyika kwa sikukuu. Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, akina mama huja kutafuta doti za kanga na vitambaa vya kuwashonea watoto, na fundi cherehani wa barazani hukataa kupokea kazi mpya kwa kuwa hana tena usiku uliobaki wa kushona. Ikiingia Desemba huja wasafiri. Mchagga anayerudi Kilimanjaro kwa ajili ya Krismasi hawezi kufika kwao mikono mitupu, kadhalika Msambaa anayepanda Lushoto. Kila mmoja ana orodha ya mama, shangazi na wadogo zake. Kabla ya Pasaka hutafutwa vitambaa vyeupe vya ubatizo. Na sisi Wahindu, tangu siku za Navaratri, wasichana wetu wanapohitaji sketi pana za kuchezea garba, hadi Diwali, huwa hatubishani sana juu ya bei, jambo ambalo kwa Mgujarati ni dalili tosha kwamba sikukuu imefika.

Kwa hiyo mfanyabiashara hulazimika kujua kalenda zaidi ya moja. Mwaka wa Kiislamu una siku zipatazo 354, na kwa sababu hiyo Idi husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, hata ikazunguka majira yote. Pasaka huwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea tarehe 21 Machi au baada yake. Sisi nasi huhesabu miezi kwa kufuata mwezi wa mbinguni, lakini kila baada ya miaka miwili na ushei huongezwa mwezi wa kumi na tatu, tunaouita adhik mas, ili Diwali isihame kutoka katika Oktoba na Novemba. Wenzetu wa Makunduchi, Unguja, wana hesabu nyingine tena, ya siku 365 za jua, ambayo huwaletea Mwaka Kogwa katika mwezi wa Julai. Mwenye duka asiyezijua hesabu hizi atakuwa na jora za vitambaa ghalani wakati wateja wamekwisha kununua kwingine.

Zipo nyakati hesabu hizi zote hukutana. Katika mwezi wa Machi 2024 Waislamu walikuwa wamefunga Ramadhani, Wakristo walikuwa katika Kwaresima, nasi tuliadhimisha Holi tarehe 25. Siku sita baadaye, tarehe 31, ikawa Pasaka. Wengi wenu mnakumbuka. Muuza tende wa sokoni alinieleza kwamba hakupata kuona mwezi kama ule, kwa maana tende zilitakiwa na Mwislamu kwa futari na zilitakiwa nasi kwa Holi, siku ambayo Wagujarati hula tende pamoja na bisi na nazi iliyochomwa motoni.

Ukitazama kwa makini utaona mambo mengi ya namna hiyo. Jioni ya Holi sisi huwasha moto mkubwa na kuuzunguka. Huko Makunduchi huchomwa kibanda cha makuti, na mwaka wa zamani huhesabiwa kuwa umekwenda na moto ule. Husemwa pia kwamba siku ile si vizuri mtu wa Makunduchi kukosa mgeni nyumbani mwake. Naomba mlikumbuke jambo hilo la mgeni, maana nitalirudia. Ama salamu yetu ya mwaka mpya, tunayopeana asubuhi inayofuata Diwali, ni “Sal Mubarak”. Neno “sal” ni la Kiajemi, maana yake ni mwaka. Neno “mubarak” ni la Kiarabu, nalo limetoka katika asili ileile ya neno “baraka” la Kiswahili. Mhindu wa Gujarat anapomtakia ndugu yake heri ya mwaka mpya hutumia neno lilelile ambalo Mwislamu wa Tanga hulitumia katika “Idi Mubarak”. Hakuna mtu aliyekaa kikao akaamua iwe hivyo. Ni biashara, safari za majahazi na ujirani wa karne nyingi baina ya Gujarat, Uajemi, Uarabuni na pwani hii.

Sitaki kuwadanganya kwamba sikukuu zote ni kitu kimoja. Hazifanani katika imani, na anayesema zinafanana hamheshimu mwenye imani. Sisi usiku wa Diwali humwabudu Lakshmi na kukumbuka kurejea kwa Rama katika mji wa Ayodhya. Mwislamu katika Idi humshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuijaalia saumu yake itimie. Mkristo katika Krismasi husherehekea kuzaliwa kwa Mwokozi wake. Haya ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina uzito wake. Lakini katika nyumba zote tatu, sala ikiisha, mama huingia jikoni, watoto huvaa nguo mpya, na sahani iliyofunikwa kitambaa safi hutoka mlangoni ikielekea kwa jirani. Ni juu ya sahani hiyo ndipo ninapotaka kusema.

Mimi nilikua katika sahani hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, wazee mnakumbuka jinsi bidhaa zilivyoadimika. Rafu za duka letu zilikuwa tupu, nasi tulipanga foleni ya sukari na sabuni kama watu wengine wote. Ukaribia wakati wa Diwali, na mama yangu hakuwa na sukari hata ya chai. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa bibi wa Kiislamu, mjane, ambaye mtaa mzima ulimwita Bimkubwa. Jioni moja aliingia uani kwetu bila kubisha hodi ya kirasmi, akafungua pindo la kanga yake, akatoa sukari yapata nusu kilo. Alikuwa ameilimbikiza kidogo kidogo kutoka katika mgao wake. Alisema tu, “Mwanangu, sikukuu haipiti bila tamu.” Mama alitengeneza penda chache sana mwaka ule. Sahani ya kwanza, kabla ya sisi watoto kugusa, ilikwenda kwa Bimkubwa. Na ilipofika Idi, sahani ileile ilirudi ikiwa na visheti. Mama alipenda kusema, kwa Kigujarati na kwa Kiswahili, kwamba chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Nilidhani ni methali ya kwetu. Bimkubwa naye alidhani ni ya kwao.

Hayo ndiyo tunayopenda kuyasimulia katika hafla kama hizi, na ni kweli tupu. Lakini ukweli una upande wa pili, na kwa kuwa nimekwisha kuvuka miaka 60, naona nikiuacha leo sitapata nafasi nyingine ya kuusema.

Marehemu baba alimwajiri mtu mmoja mwaka 1968, mimi nikiwa mtoto mdogo. Sitamtaja jina, kwa sababu jamaa zake wapo nao hawakuniomba nimseme hadharani. Alikuwa mtu wa ghala: alipokea mizigo, alihesabu jora, alijua ni kitambaa kipi kimeingia maji na ni mteja yupi anachelewa kulipa. Aliniita “bwana mdogo” tangu nikiwa navaa kaptula, akaendelea kuniita hivyo hata baada ya baba kufariki na mimi kuwa mwajiri wake. Mimi nilimwita Mzee. Funguo za duka zilikaa kwake mara nyingi kuliko zilivyokaa kwangu.

Mwaka 2005 Diwali ilikuwa Jumanne, tarehe 1 Novemba. Kama mjuavyo, siku ya Diwali sisi wafanyabiashara wa Kigujarati hufanya chopda pujan: vitabu vipya vya hesabu huwekwa mbele ya Lakshmi, tukaandika juu yake maneno ya heri na faida, na siku hizi hata kompyuta hupakwa kidoti chekundu. Diwali si siku ya mapumziko katika kalenda ya serikali yetu, kwa hiyo wafanyakazi walikuwa wamefika kazini kama kawaida. Yapata saa nne asubuhi niliwaita wote, nikampa kila mmoja kasha lake la tamutamu na bahasha yake ya bonasi, kama baba alivyokuwa akifanya. Na kama ilivyokuwa desturi, nikafungua kasha moja, nikachukua ladu, nikamsogezea Mzee karibu na mdomo ili ale wa kwanza.

Mzee hakurudi nyuma. Aliipokea ladu kwa mkono wa kulia, akatoa leso yake, akaifunga taratibu. Akasema, “Ahsante, bwana mdogo. Hii nitafuturu nayo.”

Ilikuwa Ramadhani, mabibi na mabwana. Zilikuwa zimebaki siku mbili au tatu. Na mimi niliijua Ramadhani ile kuliko watu wengi mjini: nilijua ni doti ngapi za kanga zimetoka, ni rangi ipi imependwa, ni mteja gani bado hajaja. Niliijua kwa mauzo. Ila kwamba mtu aliyesimama mbele yangu tangu alfajiri alikuwa hajatia hata tone la maji kinywani, hilo halikunipitia akilini. Vijana wengine wa dukani walitazama chini. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonisumbua usiku ule nilipokuwa nawasha taa na watoto.

Baadaye nilijifunza jambo ambalo ningepaswa kulijua. Diwali huwa usiku wa giza kabisa, usiku ambao mwezi haupo mbinguni. Mwezi wa Kiislamu nao huanza mwandamo unapoonekana, siku moja au mbili hivi baada ya giza hilo. Kwa hiyo Diwali ikiangukia katika Ramadhani haiwezi kuangukia popote isipokuwa mwishoni mwake, wenzetu wakiwa wamechoka kwa saumu na wakiitarajia Idi. Mwezi uleule ambao sisi huwasha taa kwa sababu umefichika, wao husimama ufukweni wakiutafuta. Haikuwa bahati mbaya ya kalenda. Hesabu yenyewe ilikuwa inanikumbusha, nami sikusikia.

Jioni ya siku ile Mzee alipoleta funguo alinialika. Alisema, “Bwana mdogo, Idi mosi uje kwangu, wewe na mama watoto.” Huenda alikuwa amenialika mara nyingi kabla ya hapo, nami nikayachukua kuwa maneno ya adabu tu. Safari hii sikuweza kukwepa. Mwezi ukaandama, Idi ikasaliwa, nasi tukaenda nyumbani kwake Ngamiani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka kizingiti chake, baada ya miaka 37.

Tuliketishwa vizuri. Watoto walikuja kutoa mkono na kupewa pesa za sikukuu. Mke wake akaleta chakula, na mke wangu akanitazama kwa wasiwasi, kwani mwajua kwamba nyumbani kwetu hatuli nyama wala samaki wala mayai, na katika siku za ibada hatuli hata kitunguu. Ulikuwa wali wa nazi, mbaazi za nazi na mchicha. Mama yule alitambua wasiwasi wetu akasema, “Kuleni kwa amani, wanangu. Sikutia kitunguu wala kitunguu saumu. Na sufuria hii haijapata kupikiwa nyama. Niliinunua kwa ajili yenu, nitaiweka iwe ya wageni wa namna yenu.” Karatasi ya bei ilikuwa bado imebandikwa ubavuni mwa sufuria. Mimi ni mtu wa duka. Niliisoma bila kukusudia. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimlipa mumewe, nilijua ni siku ngapi za kazi zilizoingia katika sufuria ile.

Nilikula, lakini nilimeza kwa shida. Mtu huyu alizijua sheria za jiko letu zote, hata zile ambazo watoto wangu walikuwa wanaanza kuzisahau. Alizijua kwa sababu alikuwa amezitunza kwa miaka 37, akihakikisha hakuna mtu anayeingiza nyama katika ghala letu wala kupita na samaki penye mlango wa mama. Nasi katika miaka hiyo yote hatukuwahi hata siku moja kumketisha mezani petu. Tuliyompelekea yalikuwa makasha, na aliyapokelea mlango wa nyuma. Hatukuwa na nia mbaya. Tulikuwa na desturi, na desturi ikizoeleka mtu haioni tena, kama mwenye duka asivyosikia harufu ya vitambaa vipya.

Mwaka uliofuata Diwali ilikuwa tarehe 21 Oktoba 2006, na Ramadhani ilikuwa bado haijamalizika. Nilimwalika Mzee na familia yake nyumbani kwetu, wafuturu kwetu. Marehemu mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa mzee sana, hakufurahi. Yeye hakupata kula na mtu asiyekuwa wa jumuiya yetu maisha yake yote, na hakuona kwa nini aanze sasa. Sikumlazimisha. Nilimwomba tu akae chumbani mwake kama akipenda. Watoto niliwaambia wasiwashe fataki hadi watu watoke msikitini katika sala ya tarawehe, nao walinung’unika kidogo wakatii. Wageni walifika kabla ya magharibi, tukakaa wote barazani kimya tukisubiri. Adhana ilipoanza, nilimwona mama ametoka chumbani. Mkononi alikuwa na gilasi ya maji na sahani ya tende. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Mzee, akampa mwenyewe kwa mikono miwili. Hakusema neno. Kisha akavuta kiti akakaa karibu na yule mke wa Mzee, wakaanza kuzungumza juu ya miguu inayouma. Mama hakula pamoja nao usiku ule, na sitasema alikula. Lakini alikaa hadi wageni walipoaga.

Mzee ametangulia mbele ya haki. Mjane wake yu hai. Kila Idi sufuria ile huja kwetu na mbaazi, na kila Diwali hurudi kwao na penda na chevdo. Ubavu wake umebonyea na kifuniko si kile cha mwanzo, lakini haijapikiwa nyama hadi leo.

Sasa nawarudia wanajumuiya wenzangu. Mnajua kwamba Kamati yetu inajadili kama siku ya Annakut, tunapoupanga mlima wa vyakula mbele ya miungu baada ya Diwali, lango la hekalu liwe wazi kwa majirani wote au libaki kwa ajili ya jumuiya peke yake. Hoja za wanaotaka lifungwe ni za haki: kuna suala la usalama, kuna gharama, na kuna utulivu wa ibada. Sizidharau. Lakini nawaomba tutazame na hesabu yetu wenyewe. Baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971 familia nyingi ziliondoka. Nyingine ziliondoka mkonge uliposhuka, na watoto wetu wengi leo wako Leicester, London na Toronto. Zamani usiku wa Navaratri uwanja huu ulikuwa haupitiki. Siku hizi duara la garba hujaa kwa shida. Kama sikukuu zetu zitaishi katika mji huu kwa miaka mingine mingi, zitaishi kwa kuwa majirani wanazijua, wanazitarajia na wanaona ni sehemu ya mwaka wao. Ukuta mrefu hauwezi kutufanyia kazi hiyo.

Ninayo mapendekezo machache, na ni ya mtu wa duka, kwa hiyo si ya falsafa.

La kwanza, tuulize kabla ya kupeleka. Wapo majirani zetu, Waislamu na Wakristo, ambao imani yao haiwaruhusu kula chakula kilichotolewa mbele ya miungu. Wakikataa prasad si kwamba wametudharau. Basi pawe na meza ya pili, yenye chakula kilichopikwa kwa usafi uleule lakini hakikutolewa sadaka, na mgeni aelezwe waziwazi kipi ni kipi. Huyo mama wa Ngamiani hakunificha nilichokuwa nakula. Nasi tusimfiche mtu.

La pili, bonasi. Sisi hutoa bonasi wakati wa Diwali kwa kuwa ndipo mwaka wetu wa hesabu ulipofungwa tangu enzi za babu zetu. Lakini mfanyakazi Mwislamu anazihitaji fedha hizo kabla ya Idi, na Mkristo anazihitaji Desemba, kabla ya nauli ya kwenda kwao na ada za Januari. Mimi nimebadilisha tangu mwaka 2007, na duka halijafilisika.

La tatu, tukae. Tusipeleke makasha peke yake. Wapishi, walinzi na wafagizi wa hekalu hili, ambao ndio wanaotuwezesha kusherehekea, wakae safu moja nasi siku ya Annakut, na vijana wetu ndio wawahudumie. Hilo si jambo geni kwetu. Jalaram Bapa wa Virpur, ambaye picha yake imo katika duka langu na katika maduka mengi ya mji huu, tangu mwaka 1820 alifungua jiko la sadavrat na kumlisha kila aliyefika mlangoni bila kumbagua. Kumbukumbu ya kuzaliwa kwake huja siku ya saba ya mwaka wetu mpya. Hatuwezi kuitundika picha yake ukutani, tukaiwashia udi kila asubuhi, halafu tukawalisha watu kwa kuwapitishia chakula dirishani.

Nimalizie kwa hesabu moja zaidi. Kwa kuwa kalenda ya Kiislamu huzunguka majira yote katika muda wa miaka ipatayo 33, Diwali na Idi ya mwisho wa Ramadhani zitakaribiana tena hapa Tanga mwishoni mwa miaka ya 2030. Kama nitakuwa hai nitakuwa mzee wa kushikwa mkono, na yamkini sitakuwapo. Lakini baadhi ya watoto walioketi mbele yangu hapa, wanaosubiri kwa hamu nimalize ili wapate kula, watakuwa ndio wenye maduka na ndio wajumbe wa Kamati. Siku hiyo mtu wa ghala atakuwa amefunga, nao watakuwa na kasha la ladu mkononi. Ningependa wasubiri adhana bila kuhitaji kukumbushwa na mtu.

Kwa wenzetu Waislamu na Wakristo mliofika leo: mkono wenu wa pongezi tumeupokea, na vyombo vyenu, Mwenyezi Mungu akipenda, havitarudi vitupu. Kwa jumuiya yangu: lango likifunguliwa siku ya Annakut, mimi nitakuwa pale langoni tangu asubuhi kuwapokea wageni, na gharama ya meza ya pili, kwa mwaka wa kwanza, naibeba mimi.